Soli za Dagoretti Corner Juu ya Gausta

Peres alikuwa na miguu. Najua, hata wewe unayo, lakini ya Peres ilikuwa ya kuzungumziwa. Hakuna duka Nairobi nzima lililowahi kuuza kiatu cha kike kikamwingia. Alipoolewa na Ogutu, fundi viatu wa Dagoretti Corner, majirani walisema fundi amejipatia kazi ya maisha. Peres hakucheka nao. Maneno yale yalimchoma, na kila akikaa na watu aliivuta miguu chini ya rinda.

Mwaka wa hamsini na nane, Sister Solveig, mkunga wa Kinorwe aliyekaa Spring Valley, alileta kibandani kwa Ogutu buti za marehemu babake. Ngozi ilikuwa nzima, soli zimekwisha kabisa. Mafundi wa mjini walimshauri anunue mpya, naye hakutaka kusikia. Alikuwa anakwenda kwao likizo, goti moja limeanza kumsumbua, na kabla halijamshinda alitaka kupanda tena mlima Gausta, aliopandishwa na babake utotoni. Angepanda na buti zile zile, soksi mbili mbili ndani ili zimkae.

"Huo mlima ni wa namna gani, Sister?" aliuliza Peres. Alikuwa amemletea mumewe chakula, na chakula kikapoa pale pale.

Sister akaketi kwenye kigoda, maana aliulizwa jambo alilolipenda. Alieleza kwamba Gausta ni mwamba mtupu, mweupe-mweupe, mgumu ajabu. Zamani sana, kabla ya mtu wala mnyama, mwamba ule ulikuwa mchanga chini ya maji. Ulikandamizwa ukawa jiwe, kisha ardhi ikauinua, na hadi leo mtu huona juu ya jiwe mikunjo iliyoachwa na mawimbi.

"Kama mchanga wa ziwa letu!" alisema Peres.

"Kama huo huo." Msomi mmoja wa mawe aliupanda na kuupima karibu miaka mia na hamsini iliyopita, akaendelea Sister, na baadaye watu wakajenga nyumba ya mawe karibu na kilele, wapandaji wapumzike. Siku ikiwa wazi, aliye juu huona sehemu moja ya sita ya nchi nzima. "Lakini huko juu ni mawe yaliyovunjika, yenye makali. Soli ikibanduka pale, na goti hili, nitarudi kwa machela."

"Nitaweka tairi ya lori," alisema Ogutu. "Haitatoka. Naapa."

Huyo ndiye Ogutu, mwepesi wa kuapa. Baada ya siku mbili buti zikawa tayari, naye hakula vizuri tena. Kila saa alizivuta soli, akazikunja, akazinusa. Angezijaribu vipi? Mguu wake ungepotea humo ndani, na isitoshe, fundi havai kiatu cha mteja. Akionekana, kibanda kimekufa.

"Lete hapa," alisema Peres. Akatumbukiza mguu, bila soksi, ukaingia ukakaa.

"Mama Shem, toa! Hiyo ni viatu ya mtu!"

"Ya mtu, ndiyo. Na huyo mtu akianguka huko kwao, utamwambia nini, Baba Shem? Vilima vya Ngong viko hapo. Twende tuone kama tairi yako inajua kupanda."

Jumapili wakaenda, Ogutu akitembea nyuma kama mshtakiwa. Njiani askari aliwasimamisha akamuuliza Peres buti za mzungu ameiba wapi. Peres alimwambia avae yeye kama zitamtosha. Askari aliitazama ile miguu, akawaacha wapite.

Kwenye mgongo wa vilima, ukungu umelowesha mawe, soli ya kushoto ikafunuka kama mdomo wa mamba. Ogutu aliketi chini akafunika uso. Gundi na misumari midogo tu ndiyo aliyoiamini, na sasa aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Afadhali imetoka hapa," alisema Peres. Alirarua upindo wa leso yake, akaifunga soli, akaendelea. Upande mmoja Bonde la Ufa lilimfungukia, upande wa pili Nairobi yote, ndogo. Alisimama kileleni upepo ukimpiga na furaha ikimjaa kifuani. Miguu hii hii ndiyo iliyomfikisha, na kwa mara ya kwanza aliipenda.

Safari hii Ogutu alishona, uzi wa nta kuzunguka soli yote, na Jumapili iliyofuata wakapanda tena. Buti zikarudi nzima.

Sister alipokuja kuzichukua, Ogutu alimkonyeza mkewe anyamaze. Peres hakunyamaza. "Sister, hizi nimevaa mimi. Nimepanda nazo Ngong mara mbili. Ya kwanza soli ilitoka. Ya pili haikutoka."

Ogutu akaangalia chini. Sister aliitazama miguu ya Peres, na Peres aliiacha pale pale itazamwe. "Basi sina tena sababu ya kuogopa," alisema Sister, akampa mkono.

Miezi ikapita, na kibandani hakuna aliyetaja mlima. Halafu asubuhi moja Sister akatokea, mkononi furushi kubwa lililofungwa kwa magazeti.

"Ulifika?" Peres alidakia kabla ya salamu.

"Nilifika. Goti lililia njia nzima, lakini nilifika. Buti sikuziosha makusudi, fundi ajionee."

Ogutu alizigeuza juani akafuata mshono kwa kidole, tundu kwa tundu. Hakuna uzi uliokatika. Ndani ya mfereji wa tairi kitu kilimeta. Akakichokoa kwa sindano. Kipande cha jiwe jeupe, kidogo kama punje ya hindi. Alikiweka kiganjani mwa mkewe.

Peres alitoka hadi ukingo wa Ngong Road, akawaita wanawake waliokuwa wakiuza mboga ng'ambo, majirani wale wale wenye midomo.

"Nyinyi wa kusema miguu, kujeni muone! Hii ni Gausta. Soli ya bwana yangu ndio imeileta, na hii miguu ndio ilitangulia!"

Wakavuka barabara wote, wakaja.