Samaki Waliomwita Neema

Nilipokuwa mtoto, kwa siku tatu nzima niliamini kwamba samaki wawili waliokaa juu ya kabati la televisheni yetu walikuwa wakimwita mdogo wangu kwa jina. Nilikuwa na miaka tisa na akili zangu timamu. Nilisimama mbele ya kile kioo, nikatazama midomo yao, nikahesabu. Kila samaki alifungua mdomo mara mbili, akatulia, akafungua tena mara mbili. Nee-ma. Nee-ma, vipande viwili kama tulivyolitamka nyumbani. Jina langu mimi ni Sechelela, lina silabi nne, na nakiri kwamba jambo la kwanza nililohisi lilikuwa nafuu. Aibu ilikuja baadaye, na haijaondoka.

Samaki tulipewa na Mama Jayshri, mwenye duka la vitambaa ambaye mama yangu alikuwa akimshonea blauzi. Familia yake ilikuwa inahamia Arusha, na lile tangi kubwa la kioo walilokuwa nalo sebuleni walikuwa wameshaliuza. Akanikabidhi samaki wawili wa rangi ya chungwa ndani ya jagi la plastiki. "Shika vizuri, mtoto," akaniambia. "Nyumba yao nimeuza. Wewe watafutie nyumba nyingine, lakini kubwa, ee? Usiwabane."

Nyumba aliitafuta baba, na baba alitafuta ya kuonekana. Alirudi na chupa kubwa ya kioo iliyokuwa ya achari, mviringo, shingo nyembamba, akaiweka juu ya kabati la televisheni, juu ya kitambaa cha kufuma, mahali ambapo mgeni akiketi tu macho yanaangukia hapo. Alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali na alikuwa na ugonjwa wa wageni: kila kitu chetu kizuri kiliwekwa kwa ajili ya mtu ambaye hajafika. Yule mkubwa wa mapezi marefu alimwita Waziri. Mdogo, mwenye doa jeusi kichwani, akawa Naibu. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji kila asubuhi. Mama alinifundisha kutumia maji ya bomba yaliyolala kwenye ndoo, na kwa mwezi mzima Waziri na Naibu walizunguka humo bila tatizo, ingawa kuzunguka ndiyo kazi pekee iliyowezekana mle ndani.

Kisha akaja bibi, mama yake baba, kutoka Gulwe. Aliletwa mjini kutibiwa macho. Alikuja na kibegi kimoja na mtungi wa udongo, kwa sababu hakuwa akinywa maji ambayo hayajakaa kwenye mtungi wake, na alikuwa na sheria: maji mapya hayachanganywi na ya zamani. Mtungi unajazwa, unanywewa mpaka uishe, ndipo unajazwa tena. Mama aliiona hiyo kuwa adha, maana kwetu Dodoma maji ya bomba yalitoka kwa zamu, na siku yanapotoka unajaza kila chenye mdomo. Lakini huwezi kumfundisha mama mkwe namna ya kunywa maji.

Siku ya kwanza nilimpeleka mbele ya chupa. Akausogeza uso wake mpaka pua ikagusa kioo.

"Hawa wamefungwa kwa kosa gani?" akauliza.

"Ni mapambo, bibi."

"Nyumba haina kona, haina kivuli, kila anayepita anachungulia. Hata mahabusu ana ukuta." Kisha akaniambia jambo ambalo pengine hakupaswa kumwambia mtoto wa miaka tisa. Kwao Gulwe, kiangazi mto ukikauka, vinabaki vidimbwi mchangani, na ndani yake kambale. Ikitokea kambale wamekuja juu wote kwa pamoja, wanachezesha midomo, watoto wanakatazwa kushuka pale. "Anaita," bibi alisema. "Samaki hana sauti, anaita kwa mdomo. Anaita jina la mtoto. Mtoto asipoondolewa, samaki akiondoka, anaondoka naye."

Nilicheka. Nilikuwa mtoto wa mjini, wa kwanza darasani.

Wiki iliyofuata baba alileta pipa la bluu, jipya kwetu ingawa si jipya duniani, lenye mfuniko wa kubana. Alilipata kwa mtu sokoni na alijisifia kwa bei mpaka tukachoka. "Nimeliosha mwenyewe kwa maji ya moto," alimwambia mama. Likajazwa siku ya maji, Jumanne, na kuanzia hapo tukachota humo ya kupikia, ya kunywa, na mimi ya samaki ndoo yao ilipoisha. Yalikuwa na harufu kwa mbali. "Upya wa plastiki," baba akasema. Mama aliyachemsha, na kwa mama kitu kilichochemshwa kilikuwa kimekwisha kesi.

Jumatano usiku Neema akatapika. Alikuwa na miaka mitatu na mashavu ya mtu aliyeshiba. Alhamisi alipelekwa zahanati, akapimwa malaria, hana. Wakampa dawa ya unga, wakamwambia mama maneno ambayo huwa nayakumbuka kila mara: mpe maji kwa wingi, usimwache akakauka. Mama akatii. Kikombe baada ya kikombe.

Asubuhi hiyo hiyo, nikiwa nimemaliza kubadilisha maji, niliwaona Waziri na Naibu wamekuja juu. Walikuwa wamesimama kama wanaoning'inia, vichwa juu, wanafungua midomo. Mara mbili, kimya. Mara mbili, kimya.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Baba angenicheka, mama alikuwa hana nafasi, na bibi ningemthibitishia hadithi yake. Nikafanya nilichojua. Nilibadilisha maji mchana, nikabadilisha jioni, kila mara nikichota pipani. Kila nikibadilisha, walizidi. Ijumaa Neema hakuweza kuketi. Mama alimwegemeza kifuani akimnywesha kwa kijiko, na mimi nilikuwa nikisimama mlangoni mwa chumba nikimtazama mmoja, kisha sebuleni nikiwatazama wengine, na niliona kwamba wanakwenda pamoja. Samaki wakichoka, Neema anachoka.

Jumamosi baba alikuwa na wageni: mkuu wake wa kazi na mkewe, saa nane mchana. Asubuhi alikwenda kununua soda. Mama alikuwa chumbani na Neema. Nikamkuta bibi uani kivulini, na nikashindwa kuendelea kuwa wa kwanza darasani.

"Bibi, wanamwita Neema."

Hakushtuka. "Nani na nani?"

"Wote wawili."

"Tangu lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi ulifanya nini ambacho hukufanya kabla?"

Nilifikiri. "Sikufanya kitu. Nilibadilisha maji tu."

"Maji ya wapi?"

Nikamwonyesha pipa. Akainuka. "Leta mabeseni mawili. Mapana. Tuwape nyumba, tuone kama watanyamaza."

Nilileta beseni la bluu, la kumwogeshea Neema, na jekundu la kuoshea vyombo. Tukayaweka kivulini kwenye veranda. Bibi akaleta mtungi wake, ule uliojazwa kabla pipa halijafika, akaanza kuumimina kwenye beseni la bluu. Mama akatoka na kikombe kitupu mkononi, akatukuta.

"Mama! Hayo si ya kunywa? Mwanangu anaungua humo ndani, nyie mnaogesha samaki?"

"Mkwe wangu, nisubiri kidogo tu."

"Nimesubiri siku tatu!" Sauti yake ilikatika. Alichota kwenye sufuria ya maji ya pipa yaliyochemshwa, akarudi ndani bila kututazama. Nilitamani dunia initoe pale.

Maji ya mtungi yalitosha beseni moja tu, tena kwa shida. Bibi akatazama upande niliokuwa nimesimama. "Mmoja atakaa humu. Mwingine mjazie maji ya pipa, beseni pana vile vile, kivuli kile kile. Nataka kujua wanalia kwa ajili ya nyumba au kwa ajili ya maji. Chagua."

Leo hii nafundisha chuoni, kule Chimwaga, na kila mwaka nawaeleza wanafunzi kwamba ukitaka kujua sababu, badilisha kitu kimoja na mengine yaache yalivyo. Wanaandika. Siwaambii nilifundishwa na nani, wala kwamba wakati huo niliona ni ukatili mtupu. Nilimchagua Waziri kwa maji ya mtungi kwa sababu alikuwa na mapezi mazuri. Ndiyo sababu yote. Naibu nilimtia kwenye beseni jekundu.

Tukakaa. Bibi hakuona vizuri, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa macho yake.

"Wa bluu?"

"Bado anaita."

"Wa jekundu?"

"Anaita."

Jua likasogea kidogo kwenye sakafu. Waziri akashuka. Kwanza nilifikiri anazama, kisha nikaona anaogelea, anagusa pembeni mwa beseni, anageuka, anagusa upande wa pili kama mpangaji anayekagua chumba. Mdomo wake ulikuwa umefungwa.

"Wa bluu amenyamaza, bibi!"

"Wa jekundu?"

Naibu alikuwa amelala ubavu. Alifungua mdomo mara moja, akakaa, mara moja. Hakuwa na nguvu ya kumalizia jina. Nikanyoosha mkono nimhamishe, na bibi akanishika kiwiko. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu kuliko nilivyotegemea.

"Mwache."

"Bibi, anakufa!"

"Namjua anayekufa. Mwache baba yako amwone. Nikimwambia mimi, nitakuwa bibi kizee wa kijijini."

Lango likalia. Baba akaingia na kreti ya soda begani, akaona mabeseni ya ndani yamepangwa veranda, akacheka kile kicheko cha kuficha hasira. "Mama, jamani. Wageni wanakuja saa nane. Nitawaonyesha samaki kwenye beseni la mtoto?"

"Wageni wako wanakuja kuwatazama samaki?"

"Sechelela, rudisha hao viumbe kwenye chupa."

"Njoo hapa kwanza," bibi akasema, na akamwita kwa jina lake la utotoni ambalo hatukuwa tukilisikia mara nyingi. Baba akaweka kreti chini, akaja. "Huyu yuko kwenye maji yangu. Huyu yuko kwenye maji ya pipa lako. Mimi sioni. Niambie wewe unaona nini."

Baba aliinama. Akamtazama Waziri anayezunguka, akamtazama Naibu.

"Lile pipa lilikuwa na nini kabla?"

"Mama, niliambiwa..."

"Uliliosha?"

Baba akageuka kulitazama pipa.

"Niliambiwa limeshaoshwa," baba akasema polepole.

Kisha uso wake ukabadilika, kwa sababu kutoka dirishani tulimsikia mama akisema kwa sauti ya kubembeleza: "Haya mama, fungua mdomo. Moja tu. Moja tu ya mwisho."

Sijawahi kumwona baba akikimbia kabla ya siku ile wala baada yake. Alipita sebuleni na viatu vyake vya vumbi juu ya zulia la wageni, akagonga kabati, chupa ya achari ikaanguka ikapasuka, na nilisikia kikombe kikigonga ukuta wa chumbani. Mama alipiga kelele. Halafu baba akasema, kwa sauti ambayo haikuwa na mgeni yeyote ndani yake, "Ni mimi. Ni pipa. Sikuliosha. Mvike, twende."

Walimpeleka hospitali, na safari hii walisema habari za pipa, kwamba pengine lilikuwa na sumu. Kama wangekwenda bila habari hiyo, angeongezewa maji, akaruhusiwa, akarudi nyumbani kunywa tena. Neema alilazwa siku nne. Maumivu yangu ya tumbo na ya mama ya kichwa, ambayo siku zile tulidhani ni ya wasiwasi, yaliisha yenyewe. Mkuu wa baba na mkewe walifika saa nane, wakakuta lango limefungwa, na kwa tundu la lango wakaona pipa la bluu limelala ubavu katikati ya uwanja, maji yameenea mpaka kwenye mzabibu wetu. Mzabibu ule ulikufa.

Naibu nilimhamisha baba na mama walipotoka tu na Neema. Nilimweka ubavuni mwa Waziri, kwenye maji mazuri, nikamshikilia wima kwa vidole viwili kwa muda mrefu. Bibi alikuja akakaa karibu yangu. Hakuniambia kwamba kafa kwa faida. Alisema tu, "Pole, mjukuu wangu," na akaniacha nilie mpaka nikatosheka. Waziri aliishi miaka mingine mitano. Baba alimjengea hodhi la saruji uani, lenye kona nne na kibanda cha bati juu, na hakuwahi kulionyesha kwa mgeni.

Watu wakisikia kisa hiki husema, kumbe bibi alikuwa mwanasayansi. Hapana. Bibi aliamini samaki anaita, na alifariki akiamini hivyo. Mimi ndiye niliyesoma mpaka nikajua kwamba samaki akikosa hewa au akiwa kwenye sumu huja juu kuhema, na kwamba kidimbwi cha kambale wanaohema si cha mtoto kunywa. Tofauti ni kwamba mimi, kwa akili zangu zote, nilimtazama samaki siku tatu nikihesabu silabi, na yeye, kwa imani yake yote, aliuliza swali moja: maji ya wapi?

Sasa nina tangi sebuleni, refu, lenye pampu, mawe ya kujifichia, na maji yaliyolala siku mbili. Samaki ni wanne na hawana majina ya vyeo. Neema ni mama wa watoto wawili, yuko Singida, na hunitania kwa simu: "Dada, leo wameniita?" Namwambia aache ushamba. Lakini wakija juu jioni, midomo ikafunguka, mara mbili, kimya, mara mbili, mimi msomi nakagua pampu kwanza, halafu nampigia. Siku nyingine naanza na simu.