Koti Lililoachwa Penye Mikuki

Sifa ni za Mungu aliyenihifadhia pumzi hadi uzee huu, akanipa na subira ya kulikumbuka jambo hili bila kumchukia mtu. Mbele zake hakuna koti linaloficha kitu.

Mama yangu alikuwa na leseni ya kuuza pombe ya mtama pembeni mwa mji wa Mwanza, kwenye njia ya kwenda Usagara. Hayo yalikuwa wakati wa Mwingereza, kabla mimi na mama hatujabatizwa. Baadaye aliifunga biashara ile kwa hiari yake. Hata hivyo, siwezi kusema nyumba ile haikuwa na adabu. Wanaume walifika na mikuki, mapanga na fimbo, na kila mmoja aliegemeza chake kwenye nguzo ya kibaraza kabla ya kuinama mlangoni. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Ndani walikaa duara, kibuyu kimoja kikapita mkono kwa mkono. Wazee walisema huwezi kunywa na mwenzako huku umebeba cha kumuulia.

Mchumba wangu aliwahi kuwa sajini jeshini. Alipoacha jeshi aliajiriwa na mfanyabiashara wa Kihindi aliyenunua dhahabu upande wa pili wa ghuba. Kazi yake ilikuwa kuisindikiza kutoka Busisi, kuvuka nayo hadi Kigongo, na kuifikisha dukani mjini. Kwa kazi hiyo alipewa bomani kibali cha kubeba bastola, jambo lililokuwa adimu mno kwa Mwafrika. Kibali kilimruhusu kuingia nayo popote, hata penye pombe. Alichokatazwa ni kuiweka chini au kumkabidhi mtu yeyote asiyekuwa tajiri wake.

Siku ya kwanza alipoingia kwa mama akiwa nayo kiunoni, kibuyu kilifika kwa jirani yake wa kulia, kikamruka, kikaenda kwa wa kushoto. Maongezi ya ng'ombe yakaendelea kama kawaida.

Mama alimwonea huruma. Akamwekea kigoda kibarazani, karibu na mikuki, akawa anampelekea pombe yake kwenye bakuli lake peke yake. Vijana waliokuwa wakiingia walimtania.

"Shikamoo, mkuki."

"Marahaba. Mimi ndio ule unaokunywa."

Alicheka pamoja nao. Nilimpenda zaidi kwa jibu lile.

Lakini pombe ya uchumba hainywewi kibarazani. Kwetu ilikuwa lazima anayeoa anywe ndani, kibuyu kimoja na wazee wa binti. Kisipomfikia, hakuna mahari wala ndoa. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mwenye neno alikuwa baba yangu mkubwa.

Mchumba wangu akamwomba tajiri wake siku moja ya kukaa bila silaha. Yule Mhindi alikuwa mtu mwema. Aliipokea bastola, akaifungia sandukuni dukani, akamwambia aende akaoe.

Alikuja amevaa koti lake zuri, vifungo vyote vimefungwa. Akawaamkia wazee mmoja mmoja, akapewa nafasi kando ya baba mkubwa. Mama akaonja pombe kwanza, kama ilivyo desturi, kibuyu kikaanza safari yake. Kilipofika kwa baba mkubwa, kikasimama.

"Kile kitu chako kiko wapi?"

"Kiko dukani, baba. Kimefungiwa."

"Mkuki ukiachwa nje, kila mtu anauona. Chako sijaona kilipoachwa."

"Nimesema, baba."

"Basi fungua koti tuone, tunywe."

"Fungua tu, mwanangu," mzee mwingine akadakia. "Koo zimetukauka hapa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Serikali inaniamini na bastola," alisema. "Tajiri ananiamini na dhahabu. Ninyi ninaowaomba binti ndio mnataka kunipekua?"

"Serikali hainywi na wewe," baba mkubwa akajibu taratibu. "Sisi ndio tunaokunywa nawe."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha ndani na mtungi wa pili mikononi. Nilimtazama mama. Mama alikuwa anakitazama kibuyu. Mpaka leo nikiwaza maneno ya wale wawili, sioni lililokuwa la uongo.

Aliinuka, akaomba ruhusa kwa heshima, akainama akatoka. Kibarazani alisimama. Akafungua kifungo kimoja kimoja, akalivua koti, akalitundika pale kwenye nguzo juu ya mikuki. Kisha akageuka mara moja, polepole, katika shati lake jeupe, mpaka sote tuliokuwa ndani tukaona kiuno chake na mgongo wake. Hapakuwa na kitu. Akashika njia ya mjini.

Baba mkubwa alikuwa bado ameshika kibuyu.

"Mwiteni," alisema.

Mtu mmoja alimkimbilia, akarudi peke yake.

"Anasema ameshaonekana."

Mama alilikung'uta lile koti akalikunja vizuri. Baada ya siku chache baba mkubwa mwenyewe alilipeleka dukani, akaambiwa kijana ameomba kubaki upande wa Busisi moja kwa moja, akarudi nalo. Akamtumia salamu, akaita, akasubiri. Hakuja. Koti lilikaa kwetu mpaka nondo wakalimaliza. Baba mkubwa alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho aliniambia, "Kibuyu kile kilinilemea, mwanangu." Nikamwambia asijisumbue, nikamfuta uso.

Mungu alinipa mume mpole na watoto, na sina ninachomdai. Ila nikisikia mtu anasema, "Nimesema," na wenzake wananyamaza, namwona tena akifungua vifungo vile.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe watu wa kuliamini neno lako koti likiwa bado limefungwa. Na siku kibuyu kitakaposimama mikononi mwako, akujalie moyo wa kukipitisha mapema, mwenzako angali ameketi. Amina.