Dirisha la Baba Mdogo

Nilipokuwa mtoto, kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru, niliona watu wazima wakipitisha maiti dirishani ilhali mlango uko wazi. Nikikumbuka, damu hunichemka hadi leo.

Marehemu alikuwa baba yangu mdogo, Wesonga, mtia makaa kwenye injini. Tangu mwenzake wa zamu abanwe na mabehewa akafa, hakuwa akila wala kulala. Viatu vyake vya kanisani alimpa baba. Mimi alinipa kikombe chake cha bati, nikafurahi mno. Watu wazima wakasema Wesonga siku hizi amekuwa mkarimu. Mkarimu!

Jumapili moja tukila, alisema polepole, "Mama, mimi nimechoka na hii maisha."

Kukhu, nyanya yangu, alimrukia akamziba mdomo kwa kiganja chenye ugali. "Nyamaza! Hiyo kitu haitajwi. Ukiitaja inasikia, inakuja." Akatema mate kizingitini kuifukuza.

Baba akainamia sahani. Mama akaongeza mboga. Baba Mdogo akanyamaza kama alivyoamriwa, na juma halikuisha kabla hajajiua.

"Si mnaona? Aliitaja," wazee wakasema.

Mnaona nini, jamani? Mtu amewaomba msaada kwa mdomo wake mwenyewe, mkauziba!

Kwetu aliyejiua hapitishwi mlangoni. Hutobolewa ukuta wa nyuma, asijue njia ya kurudi. Ukuta wa reli ulikuwa wa mawe, tena una mwenyewe, basi wakaona dirisha litafaa. Tulikatazwa kulia. Kukhu aliuma leso yake ili sauti isitoke. Nilimhurumia, na bado nimemkasirikia.

Nimezeeka sasa, Kukhu ni mimi. Mwaka jana mjukuu wangu alianza kugawa vitu vyake: redio, koti, hata jembe. Nikamketisha jikoni, nikamuuliza waziwazi, "Mjukuu wangu, unafikiria kujiua?"

Binti yangu, mama yake, alishtuka, mkono ukanyanyuka kuniziba mdomo. Niliupiga kofi.

Kijana akalia. "Ndio, Kukhu. Kila siku."

Swali langu halikuita kitu chochote. Kilikuwa kimeshaingia, kimekaa naye peke yake. Tuliongea mpaka chai ikapoa, tukampeleka hospitalini, na nyumbani tukawa naye kwa zamu, hata alipotufokea.

Juzi alikuja kunisalimia. Aliingia kwa mlango, akatoka kwa mlango.