Nusu ya Ini Niliyodai Kuibiwa

Nichekeni, lakini mchekeni na shemeji yangu Athmani, dereva wa lori pale Shimanzi, maana ndiye aliyenitia maneno. Daktari Zainabu alinikata nusu ya ini lenye saratani. Juzi nikapigwa picha hospitalini, na mpigaji akasema ini langu ni la ukubwa wa kawaida. Athmani, aliyenisindikiza, akaninong'oneza: "Shemeji, umeibiwa. Walikupasua wakakufunga tu. Ugonjwa ungali umo."

Nikaona kifo. Nikasimama mbele ya wagonjwa wanaosubiri, nikapandisha shati kovu lionekane, nikapaza sauti: "Zainabu! Hiyo nusu umeikata wapi? Wallahi nakusomea Halbadiri!" Kisomo hicho cha kumlaani mwizi hakuna asiyekiogopa.

Daktari akatoka taratibu. "Baba, ini likikatwa, mwili hutuma ujumbe kwa chembe zilizobaki: kueni. Likitimia, ujumbe hukoma. Saratani huuteka ujumbe huohuo ukawa haukomi. Ziko dawa ambazo kazi yake ni kuuzuia. Lako limekua likakoma. Picha ni safi."

"Limeota lenyewe?"

"Lenyewe, nawe umelala."

Subhanallah! Mimi nisiyemaliza darasa la nne, ndani yangu mna amri zinatumwa na zinatiiwa, wala sikujua! Nikamtafuta Athmani, ameshatoroka.

Bibi mmoja akaniambia, "Haya baba, muombe daktari radhi. Na ushushe hilo shati, tumbo tumeshaliona."