Maji Yaliyochelewa Kufika Ng'ambo

Papa wangu alikatwa vidole vya mkono wa kuume na mashine ya kusaga mawe, kwenye machimbo ya Walikale, miaka michache baada ya vita ya Wazungu kwisha. Mkono ulipopona akaambiwa kazi yake imekwisha. Na kazi ikiisha, nyumba ya kampuni kule kambini nayo inaisha. Tukabeba mikeka na masufuria, tukavuka mto, tukahamia ng'ambo.

Ng'ambo hapakuwa kijiji. Kila aliyefukuzwa kambini, na kila aliyekuja kutafuta kazi akaikosa, alijijengea pale kibanda cha miti na majani, vibanda vikasongamana mpaka ukikohoa jirani anakupa pole. Sisi tulitoka Muheto, kwenye vilima vya Masisi. Wengine walitoka Ntoto, wengine sijui wapi.

Kambini kulikuwa na robine: unaizungusha, maji safi yanatoka kwenye tiyo, bomba la chuma. Sisi tulikunywa maji ya mto, na mto ule ulipitia kwanza mahali pa kuoshea madini. Ulitufikia mwekundu kama udongo wa kukandika ukuta. Mama aliyaacha maji yatulie kwenye mtungi, kisha akayachota juu juu kwa kibuyu, polepole, asivuruge tope la chini.

Mwanzoni alivuka kwenda kuchota kambini, kwa majirani wetu wa zamani. Siku moja mlinzi akaimwaga ndoo yake.

"Mama, unisamehe," alimwambia. "Ni amri ya kampuni. Robine iko ya batu ya kazi."

Mtu yule alikuwa amekula kwetu mara nyingi. Mama alirudi na ndoo tupu, akamwambia Papa, "Bamama ba Ntoto banasema kule juu mu pori iko chemchemi. Tutafutie maji, Papa. Mutoto anakunywa matope."

Papa akamwonyesha mkono wake. "Na mukono gani?"

Hakuwa mvivu. Aibu ilikuwa imemkalia. Alishinda ndani, hakutaka aonwe na wenzake wakipita kwenda kazini.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, ameshika kitambaa cha Mama. Masika yalipokolea akaanza kuhara. Alilia kiu, Mama akampa maji, na maji tuliyokuwa nayo ni yale yale. Yakatoka. Akampa tena. Macho ya mtoto yakaingia ndani, akaacha hata kutoa machozi. Tukavuka kumpeleka kwa mganga wa kambi. Akampa dawa, mtoto akaitapika.

Tulirudi mchana, Mama amembeba mgongoni, mimi nikimfuata. Niliona kichwa cha mdogo wangu kikilegea. Nikadhani usingizi umempata, nikafurahi, nikapunguza hatua nisimwamshe. Mama alijua alipofungua kitambaa, mbele ya mlango wetu.

Watu wa kanisa walikuja kuimba. Papa hakukaa kwenye matanga. Alikwenda kwa mzungu mkubwa wa machimbo, akasimama mbele ya baraza mpaka akaulizwa anataka nini. Alitaka tiyo kuukuu zilizotupwa nyuma ya karakana. Mzungu akasema azichukue. Kisha Papa akaenda kwa wenye msitu, maana chemchemi ile ilikuwa ya ukoo wao, na vijana wao walipelekwa pale wakati wa mila zao. Papa, Mkristo wa kila Jumapili, alivua kofia, akawapelekea mbuzi. Wakamruhusu, mradi asikate mti hata mmoja karibu na jicho la maji.

Wanaume wa ng'ambo walimfuata. Walichimba mfereji kutoka juu mpaka kwetu, wakalaza tiyo, wakaunga kila mahali kwa vipande vya mpira wa tairi vilivyokazwa na waya. Papa alikaza waya kwa mkono mmoja na meno. Palipovuja, alifungua akaanza upya. Nilikuwa nikimpelekea viazi, na mara nyingi nilivirudisha.

Maji yalipofika, kwanza tiyo ilikohoa, ikatema kutu na majani, halafu yakaja meupe. Wanawake walipiga vigelegele. Wengine waliwaweka watoto wao chini ya maji na nguo zao zote. Papa akajaza ndoo, akaileta mpaka mlangoni.

"Mama, maji imefika."

Mama alikuwa anachambua mboga. Hakuinua uso. "Imefika kwa nani?"

Papa akaiweka ndoo chini. Ilikaa pale mpaka mbuzi wa jirani wakaja kunywa.

Tiyo ile haikuwa na kifungio. Maji yalianguka mchana na usiku juu ya mawe, hatua chache kutoka kwetu. Sisi wengine tulizoea. Mama aliziba masikio kwa pamba.

"Naisikia yote," alimwambia Papa. "Nasikia maji, nasikia na mutoto analia kiu. Turudi Muheto."

"Nikiondoka, nani atakaza waya? Batoto ba benzetu banakunywa pale."

"Na wa kwetu?"

Papa alilia. Ndiyo mara pekee nilipomwona akilia, mdomo wazi, bila sauti. Lakini hakuondoka. Alitusindikiza mpaka njia inapoanza kupanda kuelekea Masisi, akamtwisha Mama mzigo, akanishika kichwa. Hawakugombana. Nafikiri ingekuwa afadhali.

Alikuja kututazama mara moja moja kiangazi, akiwa na nyama kavu ya porini, mwembamba kila mara kuliko mara iliyotangulia. Wakati wa mvua hakuja, maana ndipo mfereji ulipokuwa ukibomoka. Kisha akaacha kuja.

Habari tulizipata sokoni, nikiwa msichana mkubwa tayari, kwa mtu wa Ntoto aliyeuza mafuta ya mawese. Alisema Papa alianguka kule juu, karibu na chemchemi, mgonjwa wa kifua, na wanaume wa ng'ambo walimbeba na kumzika vizuri. Maji bado yanatoka, alisema; tangu yafike, watoto hawafi tena kama zamani.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya kikapu cha maharagi.

"Alikuwa na mutu wa kumupikia?" akauliza.

Yule mtu akafikiri, akasema hajui.