Sahihi ya Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na minane alipiga chapa hukumu za mahakama, na wenzake wakamwita Koma, maana hakuwahi kuruka alama ya koma hata moja. Alipotimiza arobaini na mmoja akapata nafasi ya kusomea sheria chuo kikuu. Ada ikamshinda. Akawaandikia wafadhili sita wa nje: watatu walisema umri umempita, watatu wakanyamaza.

"Kitabu hakipikwi, mwanangu," mama mkwe wake alimwambia, huku akichambua mchele.

Basi simu ilipopigwa kumwita kwenye usaili wa mfuko wa mawakili wastaafu, Koma alipigwa na butwaa. Mfuko huo hakuwahi hata kuusikia. Akaenda hivyohivyo.

Mwenyekiti wa usaili, mzee aliyefunga miwani kwa uzi, akamsogezea fomu. "Hii ni sahihi yako?"

Akaiinamia fomu. Jina lilikuwa lake, nakala ya barua ya chuo ilikuwa yake, lakini zile herufi kubwa zilizolalia upande zilikuwa za mama mkwe. Chini ya swali la kwa nini asaidiwe, paliandikwa: "Mama mkwe wangu alipokonywa shamba kwa karatasi aliyoitia dole gumba bila kujua imeandikwa nini. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma."

Kumfundisha, kweli alimfundisha. Habari ya shamba hakuwahi kuambiwa.

"Si yangu," akasema. "Ni ya mama mkwe wangu. Sikujua."

"Unajua maana ya ulichosema?"

"Najua, mzee. Kesi za kughushi sahihi nimezipiga chapa nyingi."

Mzee akaikunja ile fomu. "Hii ni batili. Lakini maombi yanafungwa saa kumi, na sasa ni saa nane. Chukua fomu nyingine, ujaze kwa mkono wako."

Akajaza.

Nyumbani hakuvua hata viatu. "Mama, shamba lipi?"

"Kumbe umenichongea?"

"Nimesema kweli."

"Wakili gani wewe!" Mama mkwe akacheka, kisha kicheko kikageuka machozi, na kwa mara ya kwanza akasimulia yote.

Wiki tatu baadaye barua ikaja kazini: ada ya miaka yote minne. Koma aliisoma mara mbili, akaketi sakafuni katikati ya ofisi. Hakimu aliyekuwa akipita akadhani kuna msiba.