Siku ya Tatu ya Mfungo wa Emérance

Emérance hakuwahi kupenda nyama. Tangu utotoni, katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kipande kimoja tu kilimtia kichefuchefu, na mama yake akimcheka kwamba ana tumbo la kizungu. Mama huyo aliwazika wana wawili kabla hawajatimiza wiki. Leo Emérance anawaogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia huko Minto, ughaibuni, na Jumapili anaimba sauti ya pili katika kanisa la Warundi, kwenye ukumbi wa shule.

Binti yake Keza, anayesomea biolojia chuo kikuu huko Kensington, ndiye aliyeanza kuhusisha nyama na vifo vya wajomba zake, akampeleka mama yake kupimwa damu.

"Mama, usifunge kabla ya majibu ya damu," alimwambia jikoni siku ya Alhamisi. "Usipokula, mwili unayeyusha misuli yake, na humo inatoka amonia, kama inavyotoka kwenye nyama unayokula. Ni sumu. Homoni za njaa zinaliamuru ini lisome jeni zake kwa bidii, litengeneze vimeng'enya vingi zaidi, sumu igeuke urea, itoke na mkojo."

"Basi ini langu litatii."

"Litatii. Ila huenda seli zako nyingi zinasoma jeni mbovu. Zikiamriwa, zinatengeneza kisichofanya kazi. Na mimi huenda nimeirithi."

"Ndiyo maana nafunga, Profesa. Isiwe kwako." Emérance alimpapasa shavu. "Nilipokuzaa nilichanganyikiwa wiki nzima, nikapona bila daktari. Majibu ni Jumatatu. Mfungo unaisha Jumapili."

Keza aliacha kuosha kikombe. Hilo la kuchanganyikiwa hakuwahi kuambiwa.

Jumapili, ibada ikikaribia kwisha, ulimi wa Emérance ulikuwa mzito kama umefungwa kitambaa. Alimwita jirani yake, Mama Nibigira, kwa jina la mama yake marehemu. Kisha maneno yakamtoka yasiyo ya Kirundi wala ya Kiswahili.

"Roho amemshukia!" alipaza sauti Mama Nibigira. Wanawake wakamzunguka wakipiga makofi. Emérance alinyoosha mikono kusifu, na viganja vikawa vinaanguka na kuinuka vyenyewe. Hakujua kwa nini. Aliona furaha tu, na mwanga uliozidi.

Keza akapenya katikati yao. Siku zote humjibu mama yake kwa Kiingereza mbele za watu; leo alisema Kiswahili.

"Mama, nitajie jina langu."

Emérance alimtazama msichana huyu mzuri. Alimpenda sana. Jina halikuja.

"Mwache, mwanangu, yuko na Bwana," alisema Mama Nibigira, akisogeza bakuli la mchuzi wa mbuzi la kufungulia. "Akipata nyama kidogo atapata nguvu."

"Msimpe hiyo, itamzidishia sumu!" Keza alikuwa tayari na simu sikioni, akiita gari la wagonjwa. "Soda! Leteni soda, upesi, apate sukari, mwili uache kula misuli!"

Makofi yalikoma. Chupa ilipofika mdomoni mwa Emérance, hakumeza. Soda ilichuruzika hadi kwenye kitenge chake cheupe, na viganja vyake bado vilipunga, polepole zaidi.